NEGATIVU ZA PICHA NA MASHINE YA SKANA: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Mheshimiwa Frank-Walter Steinmeier, alifika mjini Songea, Mkoa wa Ruvuma, akaingia katika Makumbusho ya Majimaji na kuomba radhi kwa yale ambayo dola ya nchi yake iliwatendea watu wa sehemu hizo katika vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Alikutana pia na wazao wa Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo umepewa jina lake. Nduna huyo alinyongwa mwaka 1906, kama walivyonyongwa wapiganaji wenziwe zaidi ya 60 tarehe 27 Februari ya mwaka huo. Wazao wake hadi leo wanatafuta mabaki ya mzee wao, na mgeni huyo aliahidi kwamba nchi yake itajitahidi kuyatafuta. Anayezuru makumbusho hayo hukuta ukutani picha za zama hizo za vita, na mtu mwenye asili ya Ungoni hazipiti picha hizo kwa haraka. Husimama akatazama sura moja baada ya nyingine.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu aliyebonyeza kamera katika zama zile hakukusudia kuwawekea kumbukumbu wajukuu wa waliopigwa picha, lakini hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa. Katika makabati ya ofisi za Serikali, katika skuli, na katika masanduku ya majumbani humu Visiwani, zimo bahasha za negativu za miaka ya 1950 hadi 1990 ambazo nazo hazijulikani zitakuja kuulizwa nini. Nyingi sasa zinatolewa na kupitishwa katika skana ili ziingie katika kompyuta. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, malalamiko yanayosikika ni yale yale: picha imetoka nyeusi, nyuso hazitambulikani, ina madoadoa, au imekuwa laini kama iliyopakwa mafuta. Lawama hupewa mashine, ilhali mara nyingi kosa limo katika programu iliyoachwa ifanye itakavyo.

Tuchukue mfano wa Songea hiyo hiyo, lakini katika miaka ya 1960. Wakati huo wilayani humo palikuwa na kijiji cha Litowa, kitovu cha jumuiya ya vijiji vya ujamaa iliyojulikana kwa herufi za RDA, ambayo TANU iliivunja mwezi wa Septemba, 1969. Mpiga picha aliyefika kijijini kama hicho saa sita mchana angekuwa, kwa kawaida ya siku hizo, na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Mbele yake wamesimama wanakijiji, wamevaa mashati meupe, jua liko utosini, na kofia zimetia vivuli machoni. Katika negativu mambo huwa kinyume. Shati jeupe huwa zito na jeusi, na uso wa mtu mweusi aliye kivulini huwa mwepesi, karibu sawa na filamu isiyopigwa kitu. Kwa hiyo yale ambayo mtazamaji anayataka zaidi, yaani nyuso, yamo katika sehemu nyembamba kabisa ya negativu.

Hapo ndipo programu inapoharibu. Programu nyingi za skana, zikiachiwa marekebisho ya kujiendesha zenyewe, hukata sehemu ndogo ya mwisho wa giza na sehemu ndogo ya mwisho wa mwanga ili picha ipendeze kwenye kioo cha kompyuta. Kwa picha ya mlima na anga hasara si kubwa. Kwa picha ya wanakijiji wale, mwisho wa giza uliokatwa ndio mashavu, macho na mistari ya paji la uso. Vyote huunganishwa kuwa bonge moja jeusi, na hakuna urekebishaji wa baadaye utakaovirudisha, kwa kuwa havimo tena katika faili. Ni vyema mtumishi anayeskani afungue ile grafu ya vilima inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga, aondoe ukataji huo kwa kuuweka sifuri pande zote mbili, na ahakikishe kwamba vilima vinaanza na kuishia ndani ya mipaka. Picha itaonekana imepauka. Isimtie wasiwasi, kupauka hurekebishwa kwenye nakala, na kilichokatwa hakirekebishwi.

Kwa sababu hiyo hiyo inashauriwa kuchagua kina cha biti 16 badala ya 8. Biti 8 hugawa safari ya kutoka weusi hadi weupe katika ngazi 256 tu, na biti 16 huigawa katika ngazi 65,536. Uso uliomo katika sehemu nyembamba ya negativu huenda ukachukua ngazi chache mno kati ya zile 256, na pindi mtu anapojaribu kuuangaza, ngazi hizo huachana na kuonekana kama madaraja.

Shati jeupe nalo lina shida yake. Kwa kuwa ni zito katika negativu, mwanga wa skana hupenya kwa taabu, na mashine huongeza chembechembe za uongo ambazo hazimo katika filamu. Dawa yake ni kipengele cha kusoma mara nyingi, ambacho kimo katika programu kama VueScan na SilverFast. Mashine huisoma negativu ile ile mara kadhaa na programu hutoa wastani. Kilichomo katika filamu hubaki pale pale, na chembe za uongo, kwa kuwa hubadilika kila mara, hufutana. Ukisoma mara 4 chembe hizo hupungua kwa nusu, na ili zipungue hadi robo inahitajika kusoma mara 16. Kuzidi hapo ni kupoteza wakati. Kipengele kingine cha jamii hiyo husoma mara mbili tu, mara ya pili kwa mwanga wa muda mrefu zaidi ili upenye penye uzito, kisha huunganisha. Chochote kitakachotumiwa, skana isitikiswe wala meza isiguswe, kwani usomaji wa pili ukisogea hata kidogo picha hutoka na kivuli chake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limewapotosha wengi zaidi, nalo ni usafishaji wa vumbi kwa miale ya infraredi.

Skana nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya filamu zina taa ya ziada inayotoa miale hiyo, ambayo jicho la binadamu haliioni. Rangi zinazounda picha katika filamu ya rangi huipisha miale ya infraredi kana kwamba hazipo, lakini vumbi na mikwaruzo huizuia. Mashine hivyo hupata ramani ya uchafu peke yake, na programu huziba mahali hapo kwa kufuata sehemu za jirani. Ubunifu huu ulivuma kwa jina la Digital ICE. Katika SilverFast huitwa iSRD, na VueScan nayo ina chake. Kwa negativu za rangi za miaka ya 1980 na 1990, zile za arusi na sherehe ambazo zimejaa majumbani, kipengele hiki ni msaada mkubwa na huokoa saa nyingi za kazi ya mkono.

Lakini filamu nyeusi na nyeupe ya kawaida haikuundwa kwa rangi. Picha yake ni chembe halisi za madini ya fedha zilizolala ndani ya jelatini, na fedha huizuia miale ya infraredi kama vumbi linavyoizuia. Mashine ikiwekewa negativu kama ile ya Litowa na kipengele hicho kimewashwa, huiona picha yenyewe kuwa ni uchafu. Mashati, mawingu, paa za bati, kila kilicho kizito katika negativu huhesabiwa kuwa doa, na programu huanza kuziba. Matokeo yake ni picha iliyoyeyuka, kingo zimepotea, na mahali pengine pamechorwa kitu ambacho hakikuwapo. Hali kadhalika sahani za kioo, ambazo ndizo zilizotumiwa sana na wapiga picha wa enzi za Wajerumani, picha yake ni ya fedha. Filamu ya Kodachrome, ijapokuwa ni ya rangi, nayo humkanganya infraredi mara nyingi, na yataka uangalifu. Kinyume chake, ziko filamu chache za nyeusi na nyeupe, kama Ilford XP2, ambazo husafishwa katika dawa za rangi na hazina fedha mwishoni. Hizo hukubali bila tatizo. Asiyejua negativu yake ni ya aina gani asome maandishi madogo yaliyomo ukingoni mwa filamu, au askani kipande kimoja mara mbili, mara moja kwa infraredi na mara moja bila hiyo, kisha alinganishe.

Watengenezaji wa programu, kwa kulijua hilo, wameweka kipengele kingine cha kuondoa vumbi bila infraredi. Hiki hakina ramani yoyote. Hubahatisha kwa umbo. Kila nukta ndogo inayotofautiana na jirani zake hudhaniwa ni vumbi, na kila mstari mwembamba hudhaniwa ni mkwaruzo. Na arudi msomaji kwenye picha za Songea. Ushanga shingoni ni nukta ndogo. Kifungo cha koti la askari ni nukta ndogo. Mkuki unaoonekana kwa mbali ni mstari mwembamba, na kamba ni mstari mwembamba. Kwa picha ya namna hiyo programu haina njia ya kutofautisha kamba ya mfungwa na mkwaruzo wa filamu, na mtumishi aliyewasha kipengele hicho kwa nia njema ya kupata picha safi huenda akafuta kile ambacho picha ilihifadhiwa kwa ajili yake. Si haki kuilaumu programu, haikuambiwa. Penye negativu za fedha, vumbi liondolewe kwenye filamu kabla ya kuskani, na lililobaki lifutwe kwenye nakala, kwa mkono na kwa jicho la mtu, doa kwa doa.

Kuliondoa vumbi kabla ya kuskani hakuhitaji vifaa vya gharama. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa na brashi laini vinatosha. Kupuliza kwa mdomo hutia mate. Kitambaa cha kanga, hata kikiwa kikuukuu, hukwaruza, na maji yasiguse negativu ya zamani kwa mikono ya asiye fundi. Negativu ishikwe kingoni, ikiwezekana kwa glavu za pamba. Kioo cha skana nacho kifutwe. Doa linalotokea mahali pale pale katika kila picha limo kwenye kioo, si kwenye filamu.

Kuhusu wingi wa nukta kwa inchi, wananchi wengi huamini kwamba nambari kubwa ndiyo bora. Sivyo daima. Iko nambari ambayo lenzi ya mashine inaweza kuiona kweli, na iko nambari ambayo programu huijaza kwa kukisia nukta za katikati. Skana za bapa zinazotumiwa maofisini, hata zile zenye kifuniko cha filamu, kwa kawaida huona kweli kiasi kilicho chini sana ya kile kilichoandikwa kwenye boksi. Negativu ya milimita 35, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36, ikiskaniwa kwa nukta 2,400 hutoa pikseli kama milioni 7.7, zinazotosha kuchapa ukurasa wa takriban A4. Kwa nukta 4,000 hutoa kama milioni 21.4, na faili la nyeusi na nyeupe la biti 16 hufika megabaiti 43, ama la rangi megabaiti 129 hivi. Kwa negativu pana ya sentimita 6 kwa 6, ambayo mastudio mengi ya picha yaliitumia, nukta 2,400 pekee hutoa pikseli milioni 28. Jambo la kufanya ni kujaribu: askani kipande kimoja kwa nukta 2,400, kisha 3,200, kisha zaidi, na pale ambapo hakuna kitu kipya kinachoonekana, hapo ndipo mwisho wa mashine hiyo. Zaidi ya hapo ni kujaza diski kwa hewa.

Negativu ikigusana na kioo moja kwa moja hutokea pete za rangi kama za mafuta juu ya maji. Filamu iliyokunjamana ilazwe chini ya kitabu kizito, ndani ya karatasi safi, kwa siku kadhaa, na itumike fremu yake inayoiinua kidogo. Hapa hakuna programu itakayosaidia.

Negativu za rangi zina ngozi ya rangi ya chungwa ambayo iliwekwa makusudi na watengenezaji. Programu huiondoa kwa kukisia, picha moja moja, na ndiyo sababu picha sita za ukanda mmoja hutoka na rangi sita mbalimbali: hii bibi arusi ni wa kijani, hii ni wa zambarau. Katika VueScan inawezekana kuskani kwanza kipande kitupu cha filamu hiyo, kuifunga nguvu ya mwanga, kisha kuifunga rangi ya filamu. Baada ya hapo picha zote za ukanda huo husomwa kwa kipimo kimoja. Kazi hii ya dakika mbili huepusha kazi ya siku nzima. VueScan, iliyoanza mwaka 1998, ina faida nyingine kwa ofisi zetu, nayo ni kwamba huendesha skana nyingi za zamani ambazo waliozitengeneza wamekwisha kuziacha. Kabla ya kuitupa skana kwa kuwa kompyuta mpya haiitambui, ni busara kuijaribu kwanza kwa programu ya namna hiyo.

Vipengele vya kunoa kingo na kulainisha chembechembe vizimwe wakati wa kuskani. Kunoa hutia mstari mweupe kando ya kila kitu cheusi, na kulainisha hufuta ngozi ya uso. Siku hizi zimezuka pia programu zinazotia rangi katika picha za zamani na kuzijazia nyuso zilizofifia. Kwa burudani ya nyumbani hakuna ubaya. Lakini uso uliojazwa na programu si uso wa aliyepigwa picha. Ni uso wa wastani wa watu wengine ambao programu ilifunzwa kwao. Familia inayomtafuta mzee wake katika picha kama zile za Songea ikionyeshwa uso wa aina hiyo bila kuambiwa, imedanganywa.

Kwa hiyo kila negativu iwe na mafaili mawili. La kwanza ni asili, katika muundo wa TIFF, bila kunolewa, bila kulainishwa, limepauka kama lilivyotoka. Hili lisiguswe tena, na liwekwe katika diski mbili zilizo majengo mbalimbali. La pili ni nakala, katika muundo wa JPEG, na hilo ndilo la kung'arishwa, kufutwa madoa, kuchapwa na kupelekwa linakotakiwa. Mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, wenye picha zipatazo 55,000 za enzi za ukoloni, zikiwamo za Afrika Mashariki, leo hutazamwa na mtu yeyote kwa intaneti bila vioo vya asili kuguswa. Ofisi ya wilaya haihitaji mitambo ya chuo kikuu ili kufuata mpango huo. Inahitaji kutochanganya asili na nakala.

Jina la faili litaje mwaka, mahali na nambari ya filamu. Ihakikishwe pia kwamba picha haikugeuzwa kulia kushoto, jambo ambalo hutokea negativu inapolazwa upande usio wake. Maandishi ya ukingoni mwa filamu yakisomeka sawasawa katika picha, upande ni sahihi. Wako watu waliooneka katika machapisho wakiandika kwa mkono wa kushoto ambao maishani mwao hawakuutumia kwa kazi hiyo. Majina ya waliomo yaandikwe mapema, kwa kuwaendea wazee wanaowajua, kwani hakuna kipengele cha skana kinachomjua mtu.

Baada ya kuskaniwa, negativu haitupwi. Itiwe katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si mfuko wa plastiki wa dukani, na iwekwe mahali pakavu pasipo joto. Songea, mji ulio katika nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, una nafuu ya hewa baridi. Visiwani joto na unyevu huleta kuvu na huharakisha kuoza kwa filamu za asetati. Dalili ya kuoza huko ni harufu ya siki pindi bahasha inapofunguliwa. Negativu zenye harufu hiyo zitengwe na nyingine siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvuke wake huharibu zilizo jirani, na hizo ndizo zitangulizwe kwenye skana.